Siku Niliyommwagia Baba Mkwe Pumba

Kuna aibu ambayo mtu anaisimulia ikiwa imeshapoa, na kuna nyingine ambayo ukiigusa tu bado inaunguza, na hii yangu ni ya aina ya pili, lakini kwa kuwa watu wote wa Mpemba, hapa kwetu jirani na Tunduma, wanaijua na wengine wanaisimulia kwa kuongeza chumvi (kuna mmoja anasema nilimwangushia mzee wa watu gunia zima kichwani, uongo mtupu, hakukuwa na gunia lolote), nimeona bora niiseme mwenyewe, muisikie kutoka kwa mwenye kosa.

Wakati huo Songwe haijawa mkoa, tulikuwa bado tunahesabiwa Mbeya, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti cha umeme kutoka chuo cha ufundi, na maringo ya mtu mwenye vyeti vitatu. Hajati Mwanaidi, mama mmoja wa Kitanga aliyekuja Tunduma akiuza vitenge mpaka akawa na malori, alikuwa amejenga kinu kipya cha kusaga mahindi pale Mpemba, kinu cha kisasa, siyo vile vya kufunga mkanda na kuzungusha mkono mpaka injini ikohoe. Injinia kutoka Dar alikaa wiki tatu akafunga mitambo yote, kila mota ikawa na kifaa chake cha kuiendesha, tunakiita inveta, na inveta zote zikaunganishwa kwa waya wa mtandao hadi kwenye skrini moja ya kugusa. Unabonyeza kwenye skrini, mota inazunguka. Injinia akaondoka, mimi nikabaki kuwa fundi mkuu. (Fundi mkuu wa mafundi mmoja, maana nilikuwa peke yangu.)

Alikuwepo pia Mzee Silwimba, mwendeshaji, mtu aliyesaga unga wa wilaya hii tangu mashine za dizeli. Yeye hakusoma umeme lakini alikuwa na tabia moja iliyokuwa inanikera: kila alichosema injinia alikiandika kwenye daftari lake kwa penseli, herufi kubwakubwa, kisha anafunga daftari na kulitia kwenye droo.

Sasa sikilizeni hapa kidogo, maana bila hili hamtaelewa nilivyojikaanga. Kwenye mtandao kila kifaa kina anwani, na anwani yenyewe ni namba, kama namba ya simu. Skrini ikitaka kuongea na mota fulani inaita namba ya inveta yake. Pale kwetu namba zote zilifanana mwanzo, zikatofautiana mwishoni tu. Mkanda wa kupandishia mahindi, ule unaoyatoa shimoni nje na kuyapeleka juu mnarani, inveta yake iliishia na ishirini na moja. Feni kubwa ya kupulizia pumba, inveta yake iliishia na kumi na mbili. Ishirini na moja, kumi na mbili. Mmeshaanza kucheka? Ngojeni.

Siku tatu kabla ya uzinduzi panya akaingia kwenye inveta ya mkanda, akafa yeye, na inveta nayo ikafa. Nikampigia injinia Dar. Akasema, "Si kuna ya akiba stoo? Ifunge, halafu uipe anwani ya marehemu. Ileile, usiipe nyingine. Iko kwenye orodha."

"Ninayo kichwani, Injinia," nikamwambia.

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniponza. Daftari la Mzee Silwimba, lenye orodha yenyewe, lilikuwa chini kwenye mizani, hatua hazizidi hamsini, na mzee mwenyewe alikuwa palepale anapima magunia. Lakini asubuhi ileile alikuwa ameniuliza mbele ya wapakiaji, "Fundi, leo unafanya kwa kukumbuka au kwa kusoma?" wakacheka wote, na mimi nikajiapiza kwamba nitakufa kabla sijamwomba lile daftari. Basi nikafunga inveta mpya, nikachomeka laptopu, nikaandika namba, na mwishoni nikaweka kumi na mbili.

Skrini ikaniambia haioni mkanda. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema skrini ndiyo imekosea, nikaingia ndani yake nikaifundisha kwamba kuanzia leo mkanda uko kumi na mbili. Nikabonyeza, mkanda ukazunguka. Nikazima, ukasimama. Nikarudia mara tatu, safi kabisa, nikashuka ngazi napiga mluzi.

Ulifanya kazi kwa sababu moja tu, na sikuifikiria: siku hiyo feni ya pumba ilikuwa imezimwa kabisa kwenye swichi yake ya ukutani. Chumba cha pumba kilikuwa hakijaezekwa, kwa hiyo bomba lake liliishia hewani, juu ya kibaraza cha mbele, limeelekea uwanjani, na mdomoni tulikuwa tumelifunga kiroba kwa kamba ya katani. Ndani ya pipa lake ilikuwa imebaki pumba ya majaribio, kama magunia manne hivi. Mwenye namba alikuwa amelala, ndiyo maana mgeni aliitwa akaitika.

Na sasa niwaambie kwa nini uzinduzi ule ulikuwa wangu kuliko hata wa Hajati. Mimi nilikuwa namchumbia Ester, binti wa Mzee Nzunda wa Nanyala, mkulima wa kahawa na mahindi, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mtu asiyecheka hovyo. Posa ilikuwa imeshapelekwa, jibu lilikuwa bado. Kila nikienda kusalimia ananiuliza, "Hiyo kazi yako hasa ni ya kufanya nini?" nami nikieleza anwani na mitandao ananitazama kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Hajati naye alikuwa anakihitaji kikundi cha mzee kimuuzie mahindi, maana walizoea kuuza kwa madalali wa barabarani. Basi nikamnong'oneza Hajati: kwa nini Mzee Nzunda asibonyeze yeye skrini siku ya uzinduzi, kwa niaba ya wakulima? Hajati akapiga kofi la furaha. "Fundi, una akili wewe!"

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja umejaa. Maturubai mawili, viti vya kukodi, muziki, masufuria matatu ya pilau upande wa kibaraza. Wakulima wamekuja kutoka Nanyala na wengine mbali huko Chitete, wamevumilia ile barabara mbovu. Wafanyabiashara wenzake Hajati wamekaa mbele na kanzu zao nyeupe. Yupo Ba Mulenga, mnunuzi mkubwa wa unga kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mtu mnene mpole, kila neno lake linaishia na "mukwai", ndiyo heshima ya kwao. Yupo hata afisa wa umeme, mstari wa tatu, mwenye miwani. Na yupo Mzee Nzunda, suti nyeusi, ile ya kanisani siku za sikukuu kubwa, na Ester pembeni yake amevaa gauni la kijani, ananitazama kwa jicho la kusema, leo usiniangushe.

Asubuhi ile Hajati alikuwa amemwagiza Mzee Silwimba awashe swichi zote, na mzee akawasha zote, kama inavyotakiwa, maana mota haitazunguka mpaka skrini iiamrishe. Kwa hiyo feni ya pumba nayo ikawa macho, na kumi na mbili yake halali mkononi, na ule mkanda wangu pembeni unadai kumi na mbili hiyohiyo.

Shehe akaomba dua. Mzee Nzunda akaomba sala, ndefu, akaombea mpaka madereva. Kisha nikashika kipaza sauti mimi (nani alinipa? nilijipa) nikaeleza kwamba mzee wetu atagusa mara moja tu, na kwa macho yenu mtaona mahindi yanapanda yenyewe hadi mnarani, bila mkono wa mtu, hiyo ndiyo teknolojia, na tulioisomea tupo. Nikampeleka Mzee Nzunda kibarazani penye skrini. Juu ya kichwa chake, bomba.

"Nigandamize wapi?" akauliza.

"Hapo penye kijani, baba. Taratibu tu."

Akanyoosha kidole, akagusa. Watu wote wakageuka kuutazama mkanda. Mkanda haukutikisika. Badala yake nikasikia mngurumo juu yetu, kwanza kama nyuki, halafu kama lori linapanda mlima, nikainua macho nikaona kile kiroba kinavimba, kinavimba, kimekuwa duara kama tumbo la mjamzito wa miezi tisa, na Mzee Nzunda naye akainua uso wake kutazama ninachotazama, mdomo wazi kidogo, na hapohapo kamba ikakatika.

Jamani. Pumba haidondoki kama maji. Inashuka kama wingu lililochoka. Ilimfunika mzee kuanzia upara hadi viatu, suti ikageuka kahawia, nyusi zikageuka kahawia, na iliyobaki ikarushwa uwanjani, ikapita juu ya kanzu nyeupe, ikapita juu ya Ba Mulenga, ikatua kwenye sufuria la pilau lililokuwa limefunuliwa wakati uleule ili ionekane nyama. Mtu wa muziki akadhani ndiyo shamrashamra zenyewe, akaongeza sauti. Akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele.

Nikarukia skrini, nikabonyeza nyekundu, zima. Feni ikaendelea. Nikabonyeza tena, feni inazidi kumwaga, maana sasa skrini ikiita kumi na mbili anaitika mwingine, kwa hiyo nilikuwa namzima ambaye hajawashwa. Katika kuhangaika kidole kikagusa kijani, na mkanda ukaanza! Mahindi yakapanda mnarani, mazuri, yamejipanga kama wanafunzi, na wale waliokaa turubai la pili, ambao hawakuona pumba, wakasimama wakapiga makofi. Nikabonyeza nyekundu, mkanda ukasimama, wakaketi. Kijani, wakasimama. Na pumba inamwagika muda wote huo, na mimi nagonga skrini kama mtu anayebisha hodi nyumba inayoungua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kitufe chekundu cha dharura, kile kikubwa cha kuzima kila kitu, kilikuwa karibu na kiuno changu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wapakiaji wote: likitokea lolote, msifikiri, gonga hiki. Sikukiona. Mzee Silwimba alikuja kutoka kwenye mizani, anatembea, hakukimbia, akanisogeza kwa kiwiko, akakigonga kwa kiganja. Kimya.

Katika kimya hicho mnajua watu wananisubiri mimi niseme neno. Na mimi, badala ya kusema kweli, nikachukua kipaza sauti, nikasema, "Samahani ndugu wageni, umeme umeyumba kidogo."

Mstari wa tatu mtu akasimama polepole. Akavua miwani, akaipuliza pumba, akaivaa tena. "Mimi ndiye wa umeme," akasema, siyo kwa hasira, kwa masikitiko tu. "Umeme haujayumba. Hata ile taa pale mlangoni haijapepesa."

Uwanja ukaguna. Mzee Nzunda, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasogea wala hajajipangusa, akanigeukia. Pumba ikamdondoka begani. "Umeme," akasema. "Umeme ndio ulioniita hapa mbele?"

Mzee Silwimba akanisogelea sikioni, kwa sauti ya chini, heshima yake Mungu amlipe, kwa sababu angeweza kuisema kwa nguvu: "Ile mpya uliipa namba gani?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni feni, mwanangu."

Nikamwona Ester ameweka kiganja mdomoni, sijui analia sijui anacheka (siku hizi anakiri, alikuwa anacheka, lakini siku ile Mungu alinificha). Nikasema moyoni, hapa nimeshazama, nikizidi kupiga mikono nazama zaidi. Nikarudi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wageni," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, "nimesema uongo. Umeme hauna kosa. Mimi nilizipa mashine mbili anwani moja. Skrini ikiita, hujui itaitika ipi. Orodha ilikuwepo, nikaona aibu kuiomba. Kosa ni langu peke yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hajati, na ushungi wake umejaa pumba, akasema mbele ya watu wote, "Haya, rekebisha. Tunakungoja."

Kumbe kuna kufanya kazi, halafu kuna kufanya kazi watu mia mbili wanakutazama mgongo huku wanajikung'uta. Mzee Silwimba akaleta daftari, akalifungua, akalishika mbele yangu kama anamshikia padri kitabu. Nikaipa inveta mpya ishirini na moja. Nikairudisha skrini ilivyokuwa, iite ishirini na moja. Dakika tano hazikufika. Yaani fedheha yote ile ilikuwa ya dakika tano.

Hajati akamkaribisha tena Mzee Nzunda abonyeze. Mzee akatazama juu kwenye bomba, akatazama skrini, akanitazama mimi. "Abonyeze mwenye kinu," akasema, akaenda kuketi. Hajati akasema bismillahi, akagusa, mkanda ukazunguka, mahindi yakapanda, na turubai la pili, watu wema wale, wakapiga makofi kama vile ndiyo kwanza wanaona.

Aliyeniokoa kidogo ni Ba Mulenga. Alikuwa amekaa muda wote huo anachota pumba kwenye paja lake, anaisugua vidoleni, anainusa. Akamwita Hajati. "Hajati, mukwai, hii pumba ni safi, haina mchanga. Mimi nina kuku wengi kule. Hii mnamuuzia nani?" Hajati alikuwa hajafikiria hata siku moja kuuza pumba, alipanga iwe ya kutupa kwa majirani wafugao nguruwe. Wakakubaliana palepale, kabla hata ya kuuzungumzia unga. "Natotela, mukwai," akanishukuru Ba Mulenga kwa lugha yake alipopita kwangu, akanipigapiga bega, na pumba ikaruka begani mwake ikaja kwangu. Pilau la sufuria moja lilimwagwa, mawili yakaliwa. Sikula.

Jioni nilipanda gari hadi Nanyala. Ester alinikataza, akasema mwache baba apoe, lakini niliogopa kwamba nikilala na lile jambo asubuhi nitapata uongo mwingine mzuri zaidi. Nikamkuta mzee uani, amekaa kwenye kigoda, ameoga, suti imeanikwa kwenye kamba nyuma yake kama shahidi wa mashtaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti."

Nikaketi chini, nikaomba radhi. Nikaeleza namba zote mbili, panya, daftari, kicheko cha wapakiaji. Akasikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza nikaona ananielewa.

"Kwa hiyo ni kama mtu ana watoto wawili wanaitwa Yohana," akasema. "Ukiita, anakuja usiyemtaka."

"Ndiyo hasa, baba."

Akaigeukia suti yake kwenye kamba. "Kukosea namba nakusamehe. Mimi mwenyewe nimewahi kupeleka mbolea shamba la jirani. Lakini ulinitazama, nimesimama na pumba masikioni, ukasema umeme. Hilo nalifikiria bado."

Alilifikiria miezi minne. Msimu ule wa kahawa nilichuma kila Jumamosi kwenye shamba lake, hakuniita wala hakunifukuza, nilikuwa nafika tu, nachukua kikapu. Mahindi ya kikundi yakaanza kuja kinuni, na jibu la posa likaja siku moja tukiwa tumeinamia mibuni, hata hakuinua kichwa, "Waambie wazee wako waje." Nikamwaga kikapu kizima cha kahawa.

Leo nina wanafunzi wangu wa kazi, na sheria ni moja. Kabla hujakipa kifaa chochote anwani, washa mashine zote, halafu piga hodi kwenye hiyo namba kwa kompyuta. Akiitika mtu, namba ina mwenyewe, toka. Usipoitikiwa, bado usiamini, nenda kwenye orodha, uliza aliyeandika, hata kama atakucheka mbele ya wapakiaji. Kicheko cha wapakiaji watano ni bei ya bure kabisa, nawaapia.

Na Mzee Nzunda, ambaye sasa ni babu wa watoto wangu wawili (hakuna anayeitwa Yohana), akileta mahindi kinuni hushuka kwenye gari, husimama mbali na kibaraza, na kuniuliza kwa sauti ili kila mtu asikie, "Fundi, leo umeme umetulia?"

Nami hujibu kwa sauti ileile, ndiyo adhabu yangu na nimeikubali: "Umeme haukuwahi kuwa na neno, baba. Ni mimi."

Ndipo anaposogea.